Uzoefu wangu na mkopo wa asilimia 10: eti tunasubiri giza

Nianze na zuri lake, maana nikishagusa lile lingine sitarudi nyuma. Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri hauna riba. Ukiuweka kando ya kausha damu, wakopeshaji wa riba kali wanaokuja kubeba godoro na sabufa mbele ya watoto, hii ni hela ya kukimbilia. Tena imo kwenye sheria, si hisani ya diwani: halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hii ilisimamishwa, 2024 ikarudi. Mengine mtayakuta kwenye ubao wa matangazo wa kata yenu.

Sisi ni akina mama wa mwaloni. Tunanunua dagaa wabichi alfajiri mitumbwi ikirudi, tunaanika, tunapeleka soko la Mwaloni Kirumba. Mkoa wa Mwanza una halmashauri nane, yetu ni mojawapo, siitaji. Tulichoomba ni hela ya vichanja vya kuanikia na maturubai. Anayemjua dagaa ameshaelewa. Wa kuanikwa mchangani wengi wanaishia kwenye chakula cha kuku, kwa bei ya kuku. Wa kichanjani ni msafi, anakauka upesi, mnunuzi wa Congo hana maneno naye. Na mvua ikikukuta bila turubai, mzigo unaoza unauona.

Makaratasi siyasimulii. Katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, barua ya mtendaji, namba za NIDA, akaunti ya benki. Kwenye mfumo wa maombi wa mtandaoni tulijaziwa na kijana wa steshenari, na mtandao ulikuwa unakata kila akifika kwenye kupakia viambatisho. Hilo nimesamehe, mtandao hauna mdomo.

Mwenye mdomo ni afisa mmoja pale ofisini. Alifungua taarifa yetu ya benki, akashuka nayo kwa kidole, akauliza kwa nini kuna siku hela inaingia mfululizo, halafu ghafla kimya, siku kibao hakuna hata shilingi. Mweka hazina wetu, mtu mzima ambaye wote tunamwita Mayu, akamjibu kwa upole kabisa: "Baba, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka hawaifuati taa, mitumbwi inalala. Giza likirudi, kazi inarudi."

Kila mtoto wa ziwani analijua hili. Yule afisa, kijana tu, akaegemea kiti, akawageukia wenzake, akasema kwa sauti: "Jamani, Serikali haikopeshi watu wanaosubiri giza."

Ofisi nzima ikacheka.

Naomba mnielewe wasomaji wa Dar na kwingineko. Huku Kanda ya Ziwa kumwambia bibi mwenye macho mekundu kwamba anasubiri giza si utani, ni kumwita mchawi. Macho ya Mayu ni mekundu kwa moshi wa jikoni na wa kubanika samaki tangu usichana wake. Kuna vikongwe wamekatwa mapanga usukumani kwa maneno mepesi kuliko hayo. Mayu alinyamaza, akafunga kitenge chake upya, akatoka nje. Mimi nilibaki nimesimama kama mti. Siku chache baadaye mfumo ukaonyesha ombi limerudishwa kwa marekebisho. Marekebisho gani? Tukaurekebishe mwezi?

Wiki ile, mtu yeyote aliyeniuliza nilimwambia asijisumbue. Hela ya halmashauri ni ya wenye wajomba ndani. Nilisema hivyo kisimani, nilisema kanisani, na kwenye kundi letu la vikoba niliandika maneno ambayo siyarudii hapa.

Nasema ukweli, haki ya kutuhoji wanayo. Wapo waliochukua hela hii wakaila kama zawadi, vikundi vikafa siku ya pili, na ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, zimelalamikia mikopo isiyorejeshwa mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo atuulize. Atukalie kooni. Lakini ukiuliza, si usikilize jibu? Unakaaje ofisi ambayo ziwa linaonekana dirishani na hujui dagaa anavuliwa lini?

Kilichotuokoa ni BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni. Mwenyekiti wetu wa mwalo alituandikia barua ya kueleza kalenda ya uvuvi, siku za giza na siku za mbalamwezi, afisa uvuvi akagonga muhuri, tukaiambatisha. Ombi likapita kata, likapita halmashauri, na kule juu tulikutana na dada mmoja aliyeisoma barua yote, akauliza maswali ya maana, akatupa na maji ya kunywa. Hela imetoka. Pungufu kuliko tuliyoomba, na ilichelewa mpaka masika yalikuwa yameshaanza, lakini imetoka.

Kwa hiyo nafuta nililolisema kisimani: ombeni. Kikundi cha wanawake watano kinatosha. Kama mnafanya dagaa, barua ya BMU itangulie, msisubiri kuulizwa.

Ila kuna jambo hata yule dada hakuliweza. Marejesho yana tarehe moja, kila mwezi ileile. Mwezi wa angani unazunguka kwa siku 29 na nusu, hivyo mbalamwezi haikai tarehe moja, inasogea. Leo tarehe ya kulipa inaangukia gizani, tuna hela. Miezi ikizidi kusogea itaangukia katikati ya mbalamwezi, mitumbwi iko juu ya mchanga, na mfumo utatuandika wadaiwa sugu. Tumeanza kuweka akiba ya giza kwa ajili ya siku hizo. Akina mama wameelewa haraka kuliko ofisi.

Wenzangu wanasema nimsamehe yule kijana, vichanja si vimesimama? Mayu mwenyewe amemsamehe, anamsalimia wakikutana. Mimi bado. Nikipeleka nakala ya risiti ya marejesho namkuta amekaa pale pale, naipita meza yake, namkabidhi mwenzake.