Muuzaji aliniuliza kama viatu vinaniuma

Naandika nikiwa bado na hasira, na huenda hasira hiyo ikanifanya niwe mkali kupita kiasi. Nimeishi na kisukari miaka mingi, na nyayo zangu zimekufa ganzi kiasi kwamba muuguzi anaponigusa kwa ule uzi wa nailoni wa kupimia hisi, mara nyingi huwa bado nangoja aanze ilhali yeye amekwisha kumaliza. Hayo yote nilimweleza muuzaji wa duka linalojinadi kwa viatu vya wagonjwa wa kisukari. Hakushika hata rula. Aliuliza namba ninayovaa, akaniletea jozi, akanitaka nisimame, kisha akasema: "Vinakuuma, mzee wangu?"

Nikajibu haviumi. Ningejibu nini, na mguu wenyewe hausikii? Nilipomwomba apime mguu wa kushoto, ambao ni mpana kuliko wa kulia, alisema mbele ya wateja wengine kwamba wazee tunapenda kudeka, na kwamba ngozi ya kiatu ingelegea yenyewe.

Siku chache baadaye, nilipokuwa nikivua soksi jioni, iling'ang'ania kwenye kidole kidogo. Nashukuru ilikuwa nyeupe, maana doa la majimaji, kubwa kama punje ya mahindi, lilionekana papo hapo. Lengelenge lilikuwa limetokea na kupasuka bila mimi kujua. Kidonda kilichukua wiki kadhaa kufunga, na usiku nilikuwa nikiamka kukimulika kwa tochi, kwa kuwa najua kwamba watu wenye hali kama yangu wamekatwa miguu kwa vidonda vilivyoanza vidogo vivyo hivyo.

Nilikusudia kuandika kwamba viatu hivyo visinunuliwe kabisa. Lakini sitaki kuvionea: ndani havina mshono unaokwaruza, na sehemu ya vidole ina kina cha kutosha. Duka jingine liliniuzia aina ileile, baada ya kunipima miguu yote miwili jioni, wakati imevimba, nikiwa nimesimama na soksi zangu. Walichora nyayo zangu kwenye karatasi, wakaikata kwa kufuata mstari, wakaiingiza katika kiatu changu cha kwanza. Ukingo ukakunjika palepale penye kidole kidogo. Katika jozi mpya walihakikisha kwamba mbele ya kidole kirefu inabaki nafasi ya takribani sentimita 1. Nilianza kuivaa kwa saa 1 au 2 kwa siku, nikikagua ngozi kila nilipovua, na hadi leo sijaona wekundu wowote.

Kwa hiyo nilitaka kumlaumu muuzaji peke yake. Nikiukumbuka ule mkunjo, hata hilo nalikataa: anayetengeneza kiatu cha mguu usio na hisi, kisha akamkabidhi mtu asiyejua kupima, naye ana sehemu yake katika kidonda changu. Kiatu cha kwanza bado ninacho, karatasi ikiwa imo ndani, na nitakirudisha dukani kwa mkono wangu ili yule kijana auone mkunjo huo.