Uzoefu wangu na kifurushi cha kubana maji cha shirika la maji: vifaa vizuri, kijitabu kimeanzia pasipofaa

Ndani kuna vidonge vya rangi vya kupimia choo, vichujio vitatu vya mdomo wa bomba vya lita 6 kwa dakika, kichwa cha shawa cha lita 8 kwa dakika, mfuko wa kuning'iniza ndani ya tangi la flashi, na kijitabu. Nimefunga vyote. Natoa nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezikata kwa sababu kijitabu kinaanza na mabomba, na mita imewekwa ukurasa wa mwisho.

Anza na mita. Usiku funga kila bomba, andika tarakimu zote, hata zile nyekundu ambazo kwenye mita nyingi ni lita, kisha soma tena alfajiri kabla mtu hajaingia chooni. Ikisogea, kuna mahali panavuja. Mwenye tangi la juu asikimbilie kuchimba: tangi likiwa linajaa, mita itazunguka tu. Funga kwanza koki inayoingiza maji kwenye tangi. Ila ujue kwamba kipimo hicho hakioni uvujaji ulio baada ya tangi. Huo utaujua kwa kupiga alama ya kalamu pale maji yalipofika ndani ya tangi, koki ikiwa bado imefungwa, na kuitazama asubuhi.

Mara nyingi mchawi ni choo, kwa sababu huvuja kimyakimya. Tia kidonge kwenye tangi la flashi, usiguse chochote kwa nusu saa, kisha chungulia bakuli. Ukiona rangi, mara nyingi flapa, yaani kile kifuniko cha mpira kinachoziba tundu la chini ya tangi, haikai vizuri. Kabla ya kununua nyingine, pitisha kidole kwenye kiti chake: chumvi ya maji hujenga ukingo wa kukwaruza unaoinua mpira upande mmoja, na kitambaa chenye siki huutoa. Kagua pia mnyororo unaoivuta. Ukikaza sana flapa haifungi. Ukilegea sana hunaswa chini ya mpira. Ulegevu wa sentimita moja unatosha. Vile vidonge vya klorini vya kutupia ndani ya tangi ndivyo vinavyokausha mpira hadi ukapasuka, jambo ambalo kijitabu hakikuligusa kabisa.

Flapa ikiwa sawa na bado rangi inaingia bakulini au unasikia maji yakichirizika, tazama boya. Maji yasimame sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa bomba la kumwagia ziada. Yakifika juu yake, yanashukia chooni mchana na usiku, shusha boya.

Ule mfuko una faida kwenye matangi ya zamani ya lita 9 na kuendelea. Kwenye tangi la lita 6 ni hasara: mtu ataflashi mara mbili na akiba yote imekwenda. Usibadilishe mfuko kwa tofali. Tofali humomonyoka na chembe zake huingia chini ya flapa, ukarudi kulekule.

Vichujio vya bomba ni rahisi kufunga, lakini funga koleo kitambaa usije ukakwangua kromu, na uhakikishe washa ya mpira imekaa, la sivyo maji yatatoka pembeni. Fungulia maji kidogo kabla ya kufunga ili mchanga utoke. Mtiririko ukififia baada ya miezi, loweka kichujio kwenye siki usiku kucha. Kwenye bomba la kujazia ndoo usiweke kabisa: ndoo ya lita 20 ni lita 20 tu, utakachoongeza ni muda wa kusimama.

Kichwa cha shawa ndicho kilichonisumbua. Hufanya kazi vizuri kwenye maji ya presha ya bomba kuu. Maji yakitoka tangi lililo mita 2 juu ya kichwa, hiyo ni presha ya takriban bar 0.2 tu, na utapata matone badala ya mvua. Tatizo jingine ni hita ya umeme ya papo hapo: ina swichi inayosubiri mtiririko wa kiwango fulani ndipo iwake. Ukibana maji chini ya kiwango hicho, inawaka na kuzima, na unaoga moto-baridi. Hapo rudisha kichwa cha zamani, na hiki kipya ukifunge kwenye bafu la maji baridi yanayotoka moja kwa moja kwenye mita.