TAHADHARI: Nyambizi ya 1/350 uliyolipia itakufikia ikiwa ya 1/700

Wenzangu mnaounganisha modeli, hasa mlio Pwani na Nairobi, kuna muuzaji wa mtandaoni anayetangaza seti za plastiki za nyambizi za Kijapani, skeli ya 1/350 (yaani modeli ni ndogo mara 350 kuliko nyambizi ya kweli), "mpya kabisa, hazijafunguliwa", kwa shilingi 4,500. Mimi kanitapeli, na nilipoulizia nikawapata wawili wengine waliopigwa vivyo hivyo. Jina lake silitaji kwa sababu ukurasa wake ameubadilisha jina mara mbili tangu Ramadhani. Nikiwapa la leo, kesho halitawafaa. Zijueni mbinu zake.

Kwanza nikiri kilichonipumbaza. Niliitaka I-27. Hiyo ndiyo nyambizi ya Japani iliyoizamisha meli ya kubeba askari, Khedive Ismail, tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldives, siku 7 tu baada ya msafara kung'oa nanga Kilindini kwenda Colombo. Meli ilizama kwa muda wa dakika 2 hivi. Walikufa watu 1,297, wengi miongoni mwao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. I-27 nayo ilizamishwa siku hiyohiyo na manowari mbili za Kiingereza, Petard na Paladin. Sisi huku tunavuka feri ya Likoni asubuhi na jioni, na mlango wa Kilindini uko pale pale, lakini kisa chenyewe hukisikii kikisimuliwa. Nilitaka niiunganishe, niiweke kabatini na kikaratasi pembeni. Haya yote nilimweleza muuzaji, mjinga mimi, naye akajibu kabla sijaweka simu chini: "Una bahati bosi, hiyo hiyo I-27 imebaki moja."

Ningemtajia nyambizi yoyote, angekuwa amebakiwa na moja.

Akaniambia till yake (namba ya malipo ya biashara) ina shida, nitume kwa namba ya kawaida. Nikatuma. Mzigo ukafika kwa basi baada ya siku mbili, na hapo ndipo ujanja wake ulipo: hali pesa akanyamaza. Anatuma kitu, ili ukilalamika ionekane ni mabishano ya mteja na muuzaji, si wizi.

Sanduku kwa mbali lilipendeza. Kwa joto la Mombasa, kona ya picha ya juu ilikuwa imeanza kubanduka, nikaivuta kidogo kwa kucha. Ilikuwa fotokopi ya rangi iliyogandishwa juu ya sanduku la viatu vya watoto. Ndani, mfuko wa vipande ulikuwa umezibwa upya kwa moto wa mshumaa. Ukingo wake umejikunja na una masizi. Nikachukua rula. I-27 halisi ilikuwa na urefu wa mita 108.7. Gawanya kwa 350, upate sentimita 31. Yangu ilikuwa sentimita 15 na nusu. Hiyo ni 1/700, na hata si I-27. Ile ndege ndogo iliyobebwa kwenye banda mbele ya mnara, ambayo kwenye 1/350 mabawa yake yangefika sentimita 3, ningeweza kuipoteza ndani ya ukucha.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kijapani, lakini michoro haihitaji mkalimani: ilionyesha nyambizi mbili. Kuna seti za nyambizi za 1/700 ambazo hufungwa mbili kwa sanduku moja, na ni za bei ya chini. Mimi nilikuwa na fremu (vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande) za nyambizi moja. Ya pili iko wapi? Iko Nakuru. Mmoja wa wale wenzangu wawili ndiye aliyeuziwa, naye kwa 4,500. Tulipotumiana picha, fremu yangu ilikuwa imekatwa kwa koleo upande wa kushoto na yake upande wa kulia, na vishina vilivyokatwa vinaingiana kimoja kimoja kama meno. Sanduku moja la bei ya chini limemwingizia mtu 9,000.

La rangi liliniuma zaidi, kwa sababu lilinipotezea hata hicho kidogo nilichopata. Kwa shilingi 1,200 zaidi aliniuzia "rangi maalumu za modeli": chupa tatu zilizokuwa za rangi ya kucha, zimebanduliwa lebo, juu yake kikaratasi "kijivu cha manowari". Nilipofungua tu, chumba kikanuka gereji. Nikapuuza pua yangu. Nilipaka ubavu mmoja kwa brashi, na kabla sijamaliza wa pili, wa kwanza ukaanza kujikunja kama ngozi ya maziwa yanayopoa. Matundu ya maji ubavuni yakazibika. Nilipoishika, alama ya kidole changu ikabaki kwenye plastiki, na ipo mpaka leo.

Ile ni rangi ya kupulizia magari iliyozimuliwa kwa thina, na thina ya namna hiyo inayeyusha plastiki ya modeli. Gundi yetu nayo hufanya kazi kwa kuyeyusha: inalainisha pande mbili, zinashikana, kisha inakauka. Ila gundi unaipitisha kama uzi kwenye kiungo, si unaimwagia mwili mzima. Rangi usiyoijua, dondoshea tone kwenye fremu tupu, ngoja robo saa, kisha ukwaruze. Plastiki ikilainika, usiiguse modeli.

Nilipolalamika alisema nimepima vibaya. Nikamtumia picha ya rula. Akasema basi nitume 800 za usafiri anibadilishie. Sikutuma, yule wa Nakuru alituma, na baada ya hapo sote tukafungiwa. Nimeripoti polisi na nina namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo). Mkipigwa na huyu, nendeni mkaripoti pia, maana malalamiko ya mtu mmoja wa shilingi elfu tano hayamwamshi mtu kitini.

Kabla hujalipa, mwombe picha ya fremu nje ya sanduku, rula pembeni, na karatasi yenye jina lako kwa mkono. Binamu yangu alijifanya mteja akamwomba hiyo. Akajibiwa "niko safarini", kisha akafungiwa. Muuzaji mwenye mzigo anapiga picha hiyo kwa dakika tano. Na yule aliye mjini kwako, mlipe mkionana, sanduku likiwa wazi.

Kurasa anabadilisha, lakini picha zake zote amepigia kwenye meza moja: kitambaa cha plastiki cha maua ya samawati, na kushoto kuna doa la kuungua lenye umbo la pasi. Na kama umemtumia pesa leo, usianze kubishana naye. Peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ya Safaricom, waombwe kurudisha pesa, sasa hivi, huenda bado hajazitoa. Mimi nilikumbuka siku ya tatu.