Kozi ya kufanya kazi kwa timu: nyota tatu, na zote ni za kipindupindu

Hii ni kozi fupi inayowachanganya wanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasia, ustawi wa jamii na sisi wa afya ya jamii. Nimeipa nyota tatu kati ya tano.

Nianze na lawama. Visa vya mwanzo vyote vilikuwa vya kitandani. Mzee ana kisukari: daktari anauliza dalili, muuguzi anapima presha, mfamasia anakagua dozi, na wewe wa afya ya jamii unakabidhiwa kalamu uandike muhtasari. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2010, linataka wanafunzi wa taaluma mbalimbali wajifunze kuhusu wenzao, kutoka kwao na pamoja nao. Kwangu wenzangu hawakuambulia kitu, maana hakuna aliyeuliza kwa nini mzee huyo haji kliniki.

Ndipo likaja zoezi la kipindupindu. Kila taaluma ilipewa karatasi zake, na ni marufuku kumwonyesha mwenzako. Unachoruhusiwa ni kusema tu. Madaktari wakakimbilia dripu. Mimi nikaomba saa ambayo kila mgonjwa alianza kuharisha, si saa aliyofika hospitali. Mmoja akaguna: "Sasa hiyo inamsaidia nini huyu aliyelala hapa?" Nikamwambia huyu haimsaidii, inamsaidia ambaye bado hajaugua.

Tukachora grafu ya saa hizo. Idadi ilipanda ghafla, ikashuka, kama inavyokuwa watu wengi wakiambukizwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Dalili za kipindupindu hujitokeza kati ya saa 12 na siku 5 baada ya kuambukizwa, kwa hiyo tukahesabu kurudi nyuma hadi wakati walipoambukizwa. Aliyetoboa fumbo ni mfamasia: karatasi yake ilionyesha kwamba ORS (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, anywe anayeharisha) ilianza kununuliwa kwa wingi mtaa mmoja kabla hospitali haijapokea mtu. Wa ustawi wa jamii akadakia kwamba mtaa huohuo bomba lilikatika, watu wakarudia kisima cha zamani. Daktari aliyeguna akawa wa kwanza kusema kisima kifungwe!

Somo la kutoa taarifa kwa hatua nne (hali, historia, tathmini, pendekezo) ni zuri, na mtindo wenyewe umetokana na nyambizi za jeshi la majini la Marekani. Ila fomu waliyotupa inadai jina la mgonjwa. Nikajaza "mtaa mzima". Mkufunzi akacheka, fomu ikabaki vilevile.

Mtihani? Maswali ya kuchagua jibu, kila mtu peke yake, kimya. Kozi ya timu hiyo!

Kabla ya kujiandikisha, uliza ni visa vingapi vinahusu jamii nzima badala ya mgonjwa mmoja, na kama kuna mkufunzi hata mmoja wa afya ya jamii. Kwetu wote walikuwa wa wodini. Na mkianza kugawana vikundi, hakikisha chako kina mfamasia.