Boksi la Kadi Mia Moja Lisiloweza Kuandika "Kuku"

Juu ya mfuniko wa boksi hili la kadi za kufundishia watoto kusoma amechorwa kuku mwekundu na vifaranga wake watatu, na chini yao limeandikwa neno "kuku" kwa herufi nene za njano. Nililinunua mwezi wa Januari katika duka moja la vitabu na vifaa vya shule hapa Moshi, kwenye mitaa iliyo karibu na Soko Kuu, kwa shilingi 28,000, kwa ajili ya binti yangu ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne na miezi minane na ndio kwanza alikuwa anaanza darasa la awali. Jioni ile ile alimwaga kadi zote mkekani akasema anataka kuandika neno lililo juu ya boksi. Tulitafuta kadi ya "ku", tukaipata. Ya pili tuliitafuta kwa karibu robo saa, hadi chini ya kochi, kabla sijatambua kwamba haimo na wala haikukusudiwa kuwemo.

Ndani ya boksi mna kadi 100 za silabi, vijitabu vitano vyenye kurasa kumi na mbili kila kimoja, chati moja ya ukutani na karatasi ya maelekezo kwa mzazi. Mpangilio wa kadi hauna fumbo: kuna irabu tano, kuna konsonanti 18 ambazo kila moja imeunganishwa na irabu zote tano, jambo linalotoa kadi 90, na mwisho kuna cha, che, chi, cho na chu. Wazo lenyewe ni zuri, na ndilo lililonifanya nitoe fedha bila kusita. Kiswahili husomwa kwa silabi, silabi zake karibu zote huishia na irabu, na irabu hiyo haibadilishi sauti hata ikihamishwa kutoka neno moja kwenda jingine, kwa hiyo mtoto aliyeijua "ma" ya "maji" ameshaijua pia "ma" ya "maziwa" na ya "lima". Anayeanza na Kiingereza hana nafuu hiyo, maana herufi moja tu ya irabu humletea sauti kadhaa tofauti, na hana budi kukariri ni ipi inayotumika wapi.

Tatizo ni kwamba aliyetengeneza boksi ameweka kila silabi mara moja tu, kana kwamba hakuwahi kumsikiliza mtoto wa Kitanzania akizungumza. Maneno ambayo mtoto wa umri huu anayapenda na kuyataka kwanza ni yale yanayorudia silabi: mama, baba, dada, kaka, bibi, kuku, pipi. Hakuna hata moja kati ya hayo saba linaloweza kupangwa kwa kadi hizi. Babu anaandikika, bibi haandikiki. Papai na nanasi nayo hayawezekani. Yanayowezekana ni maneno kama ugali, uji, maziwa, sukari, samaki, meza na sufuria, ambayo kusema kweli yalitusaidia sana wiki za mwanzo, lakini mtoto anayejifunza kusoma hataki sufuria, anamtaka mama yake.

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi, ingawa haukunishtua mapema kama ule wa kuku. Kadi zimefuata alfabeti herufi kwa herufi, na kwa kuwa herufi c katika Kiswahili haitumiki bila h, mtengenezaji amelazimika kuandika cha, kisha akasahau kwamba h hiyo hiyo huungana pia na s. Kwa hiyo hakuna sha wala shi, na hivyo hakuna shule, shati wala shamba, na mtoto anayeishi Majengo, hapa hapa mjini, hawezi kuandika Moshi, wala hawezi kumwandikia shangazi yake aliyeko Arusha jina la mji anaokaa. Hakuna nya, hakuna mba, nda, nga wala nja. Hakuna kadi ya m iliyosimama peke yake, ambayo katika lugha yetu ni silabi kamili mwanzoni mwa maneno kama mtoto, mti na mkate. Nyumba ya Kichaga ambayo mtoto wake hawezi kuandika ndizi, mtori wala mbege imebakiwa na nini cha kuandika? Tulipolipeleka boksi Kibosho kwa mama yangu, aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima katika madarasa ya kisomo ya miaka ya 1970, aliisikiliza habari ya kadi moja ya "ku", akaishika kadi yenyewe mkononi, akasema, "Mwanangu, mmeuziwa kuku wa mguu mmoja."

Dawa ya hayo yote iligharimu shilingi 3,500. Nilinunua karatasi mbili za manila na kalamu ya wino mzito, nikakata kadi kwa kipimo cha zile za boksini, nikaongeza nakala mbili mbili za silabi zinazorudiwa mara kwa mara, yaani ma, ba, da, ka, ku, bi, pi, na, pa na ta, nikaongeza kadi tatu za m, kisha familia nzima ya sha, nya, mba, nda, nga na nja. Kadi za ng'a niliziacha kwanza, kwa sababu tofauti kati ya "ngoma" na "ng'ombe" inataka sikio lililotulia, na mtoto akichanganyiwa mapema atazisoma zote kwa namna moja kwa miezi. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili. Ikumbukwe kwamba kadi za boksi lenyewe ni nyembamba, na ndani ya wiki tatu zile zilizoguswa na uji zilikuwa zimejikunja kama majani makavu ya mgomba. Anayetaka zidumu azipeleke zikapigwe laminesheni, ingawa kwa kadi mia moja gharama yake inaweza kukaribia bei ya boksi.

Karatasi ya maelekezo ndiyo sehemu iliyonikera kuliko zote. Inamwelekeza mzazi aanze kwa kumfundisha mtoto majina ya herufi, a, be, che, de, hadi ayaimbe yote bila kukosea, kisha ndipo amwonyeshe silabi. Nilitii kwa siku nne. Siku ya tano nilimwekea "ba" mbele yake naye akasoma "be-a", akanitazama akisubiri sifa. Hakuwa amekosea. Alifanya kile alichoambiwa, ila kutoka "be-a-be-a" hakuna njia ya kumfikia baba. Tangu mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipoelekezwa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu mwaka 2015, walimu wa madarasa ya mwanzo wamekuwa wakihimizwa kuanza na sauti ya herufi, na kuacha jina lake lije baadaye. Niliikunja karatasi ile nikaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba, tukaanza upya: midomo ikifumbwa na kuachia tunaisikia sauti ya b, tunaiunganisha na a, tunapata "ba", basi. Majina ya herufi aliyapata mwenyewe shuleni kwa wimbo, bila jasho la mtu.

Vijitabu vinastahili maneno mema. Michoro yake ni ya kwetu: kuna migomba, kuna mlima wenye theluji kileleni, kuna mama aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani akielekea sokoni, wala hakuna mtoto aliyevaa makoti mawili akicheza kwenye barafu. Kitabu cha kwanza na cha pili vina sentensi za maneno mawili au matatu zinazojirudia kwa mabadiliko madogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, isipokuwa kwamba urudiaji huo una mtego wake. Wiki ya pili binti yangu alikisoma kitabu cha kwanza chote mbele ya wageni, kidole kikipita chini ya kila neno, nami nikavimba kichwa. Mgeni mmoja alipofunga kitabu kwa utani, yeye aliendelea kusoma hadi mwisho, akageuza na kurasa ambazo hazikuwepo. Alikuwa amekariri. Tangu siku hiyo nilianza kuyachukua maneno yale yale ya kitabuni na kuyapanga kwa kadi mkekani, mbali na picha, kwa mpangilio mwingine, na hapo ndipo nilipojua anasoma kipi na anakumbuka kipi.

Kitabu cha tatu kinaruka ghafla. Katika ukurasa wake wa pili kuna "mbwa", neno fupi kwa macho lakini lenye konsonanti tatu zilizobanana mbele ya irabu moja, na ukurasa unaofuata kuna "wanakimbizana". Maneno ya Kiswahili hurefuka kwa sababu mtendaji, wakati na tendo vyote hukaa ndani ya neno moja, na msomaji mchanga anapofika kwenye mkia huwa ameshasahau kichwa. Tulisaidiwa na kipande cha karatasi kilichokatwa upande mmoja, tukikisogeza taratibu ili silabi zijitokeze moja baada ya nyingine: wa, na, ki, mbi, za, na. Hata hivyo alipomaliza hakujua amesoma nini, kwa kuwa silabi alizitamka zote kwa uzito ulio sawa, wakati sikio letu hungoja mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Nilipomwomba arudie kwa haraka, kama anavyoita wenzake nje, neno lilijileta lenyewe, akacheka. Mbinu hiyo ya kusoma polepole kisha kurudia mbio ingefaa kuandikwa kwenye karatasi ya maelekezo kuliko wimbo wa be, che, de. Kitabu cha nne na cha tano bado ni vigumu mno kwake, navyo nimevihifadhi kabatini.

Kuhusu chati sina mengi. Ina herufi zote 26, pamoja na q na x ambazo alfabeti ya Kiswahili haina, na penye x mchoraji amechora ala ya muziki ambayo sijawahi kuiona ikipigwa popote kati ya Himo na Boma Ng'ombe. Penye z kuna punda milia, yaani "zebra" wa Kiingereza, ambaye mtoto kwa haki kabisa alisema anaanza na p. Nimeibandika upande wa nyuma wa mlango.

Dosari nyingine ni umbo la herufi a katika vijitabu, ambayo ina kikofia juu, tofauti na ile duara anayofundishwa kuiandika shuleni, na kwa siku kadhaa aliniuliza hii ni herufi gani. Kadi zenyewe zinatumia ile duara. Mtengenezaji mmoja, boksi moja, a mbili.

Huduma ya dukani ilikuwa ya kawaida hadi lilipotokea tatizo. Muuzaji hakukubali nifungue boksi kabla ya kulipa, jambo ambalo ninalielewa kwa bidhaa iliyofungwa kwa plastiki. Nyumbani nilikuta kadi mbili za "vu" na hakuna "vo". Nilirudi kesho yake na risiti, nikiomba tu kadi moja, nikajibiwa kwamba mali ikishafunguliwa hairudishwi. Nilieleza kwamba sirudishi, ninaomba kilichopungua, lakini mwenye duka alikuwa ameshageukia mteja mwingine. Kijana wa kaunta, pengine kwa aibu, alinifuata hadi mlangoni akanipa kipande cha manila bila malipo, na "vo" yetu hadi leo ni ya manila hiyo, yenye rangi ya waridi, na ndiyo kadi ambayo binti yangu huitambua upesi kuliko zote.

Matumizi yetu ni ya dakika kumi hadi kumi na tano kila jioni kabla ya chakula, na tunaacha akianza kupiga miayo hata kama tumepanga neno moja tu. Mwezi wa Aprili nilimtuma pamoja na dada yake kwa Mangi, mwenye duka la mtaani kwetu, kununua sukari. Mangi huyu huchomeka vipande vya boksi kwenye magunia, vikiwa na jina la bidhaa na bei kwa herufi kubwa. Dada yake aliniambia kwamba mdogo wake alisimama mbele ya gunia la mchele, midomo ikifumbwa na kufumbuka, akasema "m", akanyamaza, akasema "che", akanyamaza tena, kisha akapaza sauti "mchele!" hadi Mangi akaacha kupima unga. Neno lile lilianza na silabi isiyo na kadi boksini, na liliandikwa kwa herufi kubwa, ambazo boksi zima halina. Kwa hiyo niliongeza na kadi za herufi kubwa.

Kwa shilingi 28,000 ninaona bei imezidi. Kwa 15,000 nisingelalamika. Vijitabu viwili vya mwanzo peke yake vingenitosha, lakini duka haliviuzi kimoja kimoja, nimeshauliza. Anayeamua kulinunua ahesabu kadi pale pale kaunta mara tu anapokabidhiwa risiti, mbele ya muuzaji, kabla hajatoka mlangoni, na anaporudi apitie manila mbili na mkasi wenye makali. Jirani yangu ameliazima wiki iliyopita kwa ajili ya mwanawe. Nimempa pamoja na bahasha ya kadi zangu za ziada, nikaziandika idadi yake juu ya bahasha: "ku", pamoja na ile ya boksini, ni tatu, nazo zirudi tatu.