Walimwandika Chongo kabla hawajamtazama jicho

Nimekaa na hasira hizi wiki mbili tatu sasa nikijiambia zitapoa. Hazijapoa, basi naandika.

Kliniki sitaitaja. Nilimpeleka mtoto wa paka, umri wake wiki tano hivi, mmoja wa wale ambao mama yao huwahamisha mmoja mmoja mdomoni halafu mmoja akasahaulika. Nilimkuta nyuma ya ndoo anapiga chafya, macho yote mawili yameganda kwa tongotongo. La kulia lilifunguka nilipolilainisha kwa pamba na maji ya uvuguvugu. La kushoto likagoma. Kope zilishikana kama bahasha iliyolambwa, na nyuma yake pamevimba. Nikawa napangusa taratibu, naacha, napangusa tena, mpaka kwenye kona ya karibu na pua ukachomoza uzi wa usaha wa manjano. Unautoa unadhani umemaliza, kumbe mwenzake yuko nyuma.

Asubuhi tukaenda. Kijana wa mapokezi hakuinua hata kichwa. "Jina la mgonjwa?" Nikamwambia hana jina bado, nimempata jana. Hapo ndipo akachungulia kwenye boksi, akacheka kwa pua, akaandika kwenye faili. Nilisoma juu chini kutoka upande wangu wa kaunta: CHONGO. Kwa herufi kubwa, na mstari chini yake.

"Kaka, huyu si chongo. Jicho limefumba tu."

"Dada, si jina tu? Utabadilisha baadaye."

Mnaweza kusema nakuza mambo. Labda. Lakini nadhani kila kilichofuata kilianzia kwenye lile faili, kwa sababu daktari alilisoma kwanza kabla ya kumwona paka. Alisimama upande wa pili wa meza, mikono mfukoni, akasema haya ni mafua ya paka, wanapata wote. Sibishi. Macho ya watoto wa paka mara nyingi huharibika kwa mafua hayo: virusi vya hapesi vya paka, au bakteria wa klamidia, au vyote pamoja. Halafu akaongeza: "Wakiwa wadogo hivi, mara nyingine jicho moja huondoka." Huondoka! Kama anazungumzia basi. Akanipa kichupa cha matone, tone moja mara tatu kwa siku, tukatoka. Hakumgusa. Hakuosha mikono, na kwa kweli hakuwa na sababu ya kuiosha.

Nikaweka dawa. Siku mbili za mwanzo wekundu ulipungua, hata nikaanza kujilaumu kwa kumsema mtu wa watu moyoni. Siku ya tatu jicho likafunguka nusu, na ndani hapakuwa na jicho ninalolijua. Palikuwa na ukungu wa bluu, kama kioo cha bafuni baada ya maji ya moto. Paka mwenyewe akawa anakwepa mwanga, anazamisha uso kwenye kiwiko changu, hataki hata taa ya simu. Nikakisoma kichupa kwa mara ya kwanza (hili ni kosa langu, nalikubali). Kilikuwa na dawa mbili ndani, na mojawapo deksamethasoni, yaani steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe.

Usiku huohuo nikarudi mbio. Zamu ilikuwa ya daktari msichana ambaye ukikutana naye njiani utadhani anarudi shule. Kwanza akaosha mikono. Pili akaniomba kile kichupa, akakisoma, akanyamaza, akakitia kwenye droo na kuifunga. "Hii tunaisimamisha, dada." Hakumsema mkubwa wake hata neno. Nilimheshimu kwa hilo, na lilinikera pia.

Akachukua kijikaratasi chembamba chenye ncha ya rangi ya chungwa, akakilowesha kwa tone la maji ya chumvi ya hospitali, akakigusisha ndani ya kope ya chini. Jicho likafurika rangi ya kijani-manjano. Akaliosha, akazima taa, akawasha kitochi cha mwanga wa bluu. "Naomba umshike hapa, chini ya kidevu." Nikainama. Kwenye jicho palikuwa panang'aa kijani, kipande kidogo, umbo la ukucha uliokatwa.

Akanieleza kwamba rangi ile, fluoresini, haishiki kwenye konea (kile kioo cha mbele cha jicho) iliyo nzima. Inashika pale tu tabaka la juu lilipobanduka. Kwa hiyo ule ukucha ni kidonda. Na matone yenye steroidi kama deksamethasoni yanaondoa wekundu, ndiyo maana nilidhani anapona, lakini yanazuia kidonda kufunga, na kama chanzo ni hapesi, virusi vinapata nafasi ya kutamba. Kipimo kizima hakikufika dakika tano. Dakika tano, kijikaratasi na kitochi! Mtu mwenye mikono mfukoni angeweza kuitoa kwa dakika tano.

Yule binti alinifundisha mengi kuliko nilivyolipia. Paka anafungwa kwenye taulo kichwa tu nje, unamweka mgongo kwako, si uso kwa uso, maana akiuona mkono unakuja anapigana. Unavuta kope ya chini, unaweka mafuta ya tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, kiasi cha punje ya mchele, mdomo wa tyubu usiguse jicho. Kila jicho pamba yake, unapangusa kutoka puani kwenda nje, hurudi nyuma. Kope zisiachwe zigande kwa siku, kwa sababu kwa mtoto mdogo utando wa ndani unaweza kujibandika kwenye konea moja kwa moja. Unaosha mikono kabla na baada, maana klamidia ya paka, japo kwa nadra, humpata na binadamu. Na nimpime uzito kila siku: pua ikiziba hasikii harufu, asiposikia harufu hali, na asipokula jicho nalo halina cha kuliponya. Chakula kipashwe moto kidogo ili kinukie. Hayo yote aliyasema akiwa amemshika mgonjwa kifuani kama kichanga, saa ambayo wengine tungekuwa tunapiga miayo.

Basi kliniki hii niipe nyota ngapi kati ya tano? Nilianza kuandika nikiwa na moja kichwani. Yule binti peke yake ni tano. Nikasema niweke tatu, yaishe.

Halafu nikakumbuka bili. Nilitozwa ada ya kumwona daktari mara ya pili, kamili. Nilipouliza asubuhi yake, kijana wa mapokezi akanijibu, "Ni daktari tofauti, dada." Yaani nimelipa kuharibiwa, nikalipa kutengenezewa, na risiti zote mbili zina muhuri mmoja. Nyota mbili. Na niwe mkweli: huenda kidonda kilikuwepo tangu siku ya kwanza, matone hayakukileta. Sawa. Si ndiyo sababu mtu hutazama kwanza?

Tulirudi kuangaliwa tena baada ya wiki moja na ushee. Rangi haikushika popote. Kimebaki kidoa cheupe pembeni, kama vumbi la chaki, na binti anasema kinaweza kufifia kadiri anavyokua. Ila kama ni hapesi, itabaki mwilini, na akipata msongo huenda ikaamka tena. Macho yote mawili yako wazi, na ile bluu ya utoto imeanza kuondoka. Tumekaa kwenye benchi na watu wengine na mbwa wao, mara mapokezi wanaita kwa sauti: "Chongo! Chongo ni nani?" Watu wote wakanitazama mimi. Usoni.

Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Hawa hawakumpenda, wakaita jicho zima chongo.

Nikaomba wabadilishe jina. Haiwezekani, mpaka lifunguliwe faili jipya na kulipia usajili. Nikauliza zamu za yule binti ni siku zipi. Hatutoi zamu. Juzi nimepokea ujumbe: "Mmiliki wa CHONGO, unakumbushwa chanjo ya kwanza." Nitampeleka. Usiku, nikiona pikipiki ya yule binti imeegeshwa nje.