Selekoksibu 200 mg kwa mwenye sonona: nyota 2 kati ya 5

Kapsuli hii (boksi limeandikwa Celecoxib) ilitengenezwa kutuliza maumivu na uvimbe wa magoti na baridi yabisi. Kikaratasi cha ndani hakiitaji sonona kama kazi yake, kwa hiyo daktari anayeiandika kwa sonona anaiandika nje ya kibali. Mgonjwa alijue hilo kabla hajalipa.

Nyota zake mbili imezipata wapi? Jaribio la Munich lililochapishwa 2006: wagonjwa 40 wa sonona walipewa reboksetini, dawa ya sonona, nusu wakaongezewa selekoksibu mg 400 kwa siku, na kufikia wiki ya 6 hao walioongezewa walikuwa na nafuu zaidi. Lakini Pakistan, 2020, kwenye sonona ya baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka), selekoksibu haikuishinda dawa bandia.

Kinachotenganisha watu huenda ni damu yao. Huko Atlanta, 2013, dripu za infliksimabu, dawa nyingine ya kutuliza uvimbe, hazikuwasaidia wagonjwa 60 wa sonona kwa ujumla wao. Waliokuwa na CRP (kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini) zaidi ya 5 mg/L ndio walioelekea kupata nafuu. Basi pima CRP kwanza, ila si wiki uliyougua malaria, mafua au jino. Namba itapanda kwa sababu hiyo, nawe utadhani umepata jibu.

Dozi iliyojaribiwa ni kapsuli moja asubuhi, moja jioni, juu ya dawa ya sonona, si badala yake. Na hapo ndipo penye shida. Fluoksetini na sertralini, dawa za sonona, hupunguza nguvu ya damu kuganda; ukiongeza hii, tumbo linaweza kuvuja damu. Choo kikiwa cheusi, cha kunata kama lami, usingoje kesho, nenda hospitali. Anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, ndiye wa kuogopewa zaidi: figo huibakiza mwilini, mikono inatetemeka, anatapika, anayumba. Aliyewahi kuvimba midomo kwa Septrini asiiguse selekoksibu, wala mwenye ugonjwa wa moyo. (Ndugu yake, Vioxx, iliondolewa sokoni 2004 kwa sababu ya moyo.)

Dukani ikiwa imeisha, usikubali kubadilishiwa diklofenaki. Hiyo hulikwangua tumbo zaidi, na matokeo ya Munich hayaihusu.

Wiki 6 zikipita bila mabadiliko, kapsuli iachwe, dawa ya sonona iendelee.